Kuchagua Gongo la Besiboli

Watoto, mpe mtoto wa miaka tisa shoka la baba yake akate kuni. Je, ataliongoza shoka? La, shoka ndilo litakalomwongoza yeye. Hapa Bendera kila mtu anajua hayo, ndiyo maana mtoto hupewa jembe lenye mpini mfupi. Gongo la besiboli huchaguliwa vivyo hivyo.

Besiboli ni mchezo wa Marekani. Mmoja hutupa mpira mdogo, mgumu, wenye uzito wa gramu 142 hivi. Mwingine husimama na gongo, aupige uende mbali, kisha akimbie. Jirani zetu wa Uganda nao wanaucheza. Mwaka 2011 watoto wao walipata haki ya kwenda Marekani kushindana na watoto wa dunia nzima, lakini walinyimwa viza. Mwaka 2012 wavulana wa Lugazi, mji wa mashamba ya miwa kati ya Kampala na Jinja, walifika. Hapakuwa bado na timu ya Afrika iliyocheza huko. Mchezo mmoja waliwashinda watoto wa Oregon, 3 kwa 2.

Basi, gongo gani lamfaa mtoto? Wengi hukimbilia lile kubwa, wakidhani litapiga kwa nguvu zaidi. Sivyo. Mtupaji wa umri wao husimama mbali kiasi cha mita 14, na mpira hufika kabla sekunde moja haijaisha. Mwenye gongo zito huchelewa kulizungusha. Mpira umekwisha kupita, naye bado anavuta. Bega nalo linamwuma bure.

Kwanza upime urefu. Simamisha gongo chini kando ya mguu, mkono ukining'inia. Kiganja kikigusa kichwa cha mpini, urefu wafaa. Katika mashindano yale ya watoto, gongo halizidi sentimeta 84.

Kisha upime uzito. Lishike kwa mkono mmoja, ulinyoshe kando usawa wa bega, uhesabu polepole mpaka ishirini. Mkono ukitetemeka au ukishuka, lirudishe, hata kama rangi yake inapendeza! Yako magongo ya alumini, yenye uwazi ndani, nayo ni mepesi.

Gongo la mti litazame kama fundi atazamavyo mpini. Nyuzi za mti ziende moja kwa moja toka mpini mpaka ncha. Zikikatiza upande, au pakiwa na fundo, hapo ndipo litakapovunjika. Gonga ncha yake chini, usikilize: zima hulia wazi, lenye ufa hutoa sauti butu. Lenye ufa usilifunge kamba ukaendelea kulichezea, maana kipande chaweza kuruka na kumjeruhi mwenzako machoni.

Na kabla ya kulijaribu kwa kulizungusha, tazama nyuma yako. Wadogo hupenda kusimama hapo.