Anatembea na fimbo mbili, na ni yeye analinda mgonjwa

Ilikuwa asubuhi ya salongo, kwenye koperative moja ya upande wa Burhinyi, teritware ya Mwenga. Sekretere alikuwa anasoma majina mu daftari. Kwenye jina la mama mmoja kulikuwa misalaba mitatu: mara tatu hakuja kwenye shamba la pamoja. Sheria yao ya ndani inasema, ukikosa mara moja unalipa lamande, ukikosa mara tatu jina lako linapelekwa mbele ya mkutano, watu waamue kama unabaki mwanachama ao hapana. Lamande za mara mbili zilikuwa zimekwisha kukatwa kwenye maharagi yake. Prezida si mtu mbaya. Alikuwa anafuata karatasi.

Sisi tulifika pale kwa kazi ya mbegu tu. Mama mmoja mzee, mwenye kukaa nyuma kabisa, njo aliuliza kama kuko mtu amekwenda kwake kuona. Kimya. Hakuna mtu alikuwa amekwenda.

Yule mama (jina lake hatuliandiki, aliomba hivyo) ana konzo tangu usichana wake, wakati wa vita. Anatembea na fimbo mbili. Bwana wake alikufa. Ndani ya nyumba kuko mama mkwe wake, ambaye alipigwa na ugonjwa wa damu kupanda, upande mmoja wa mwili ukakufa, na sasa hawezi kujigeuza kitandani. Kuko tena wajukuu wawili; mama yao alikwenda kutafuta maisha Kamituga. Watu wote wa mtaa wanamujua kama mama kilema mwenye kuhitaji kusaidiwa. Hakuna mwenye alikuwa anahesabu kwamba ni yeye anasaidia watu watatu.

Mgonjwa wa namna ile anapashwa kugeuzwa karibu kila masaa mawili, usiku na mchana, juu asitoboke vidonda mgongoni na kwenye makalio. Mtu mwenye miguu mizima anachoka nayo kwa juma moja. Yeye, miguu haimushiki, kwa hiyo anavuta na mabega. Bega la kuume lilikuwa limevimba na hakulionyesha kwa mtu. Alituambia kwamba aliogopa watu watasema amechoka na mukwe wake. Tena aliogopa watamunyanganya wajukuu, wakisema kilema hawezi kulea.

Hapa inafaa kusema neno juu ya konzo, kwani inatugusa sisi wakulima kuliko mtu mwingine. Jina linatoka kwa Wayaka wa Kwango, maana yake miguu yenye kufungwa. Haiambukizi, na si uchawi. Inatoka kwenye muhogo muchungu wenye haukulowekwa vizuri, wakati watu wanakula huo peke yake bila maharagi, samaki ao nyama. Miguu inakazana gafula, mara nyingi kwa watoto na kwa wamama wenye kuzaa. Hali haizidi kuwa mbaya siku kwa siku, lakini hakuna dawa ya kurudisha miguu. Burhinyi iliijua konzo wakati vita ilivuruga mashamba na watu wakafupisha siku za kuloweka.

Sasa angalia vile mambo yanashikana. Tulipoinua kifuniko cha beseni lake, tulikuta muhogo wa usiku mmoja tu. Anajua kabisa kwamba inahitaji siku tatu ao ine; nani anajua kumupita? Lakini kwenda mtoni na fimbo mbili, kuacha mgonjwa peke yake, kurudi, kuanika, kutwanga: hapana, muda haupo. Wajukuu wanalia njaa leo. Mzigo wa kulinda njo unafupisha kuloweka, na kuloweka kufupi kunaweza kufunga miguu ya mtoto mwingine mu nyumba ileile.

Siku ile tulifanya kitu kimoja chenye kila nyumba inaweza kufanya, na hakiombi feza. Unga wa muhogo ukiisha kutwangwa, unaulowesha na maji, unautandaza mwembamba juu ya ungo ao kitunga, usipite unene wa kidole, unauacha masaa mawili kwenye jua ao masaa matano kwenye kivuli. Sumu inatoka na hewa. Kisha unapika bugali siku ileile. Njia hii ilitumiwa upande wa Popokabaka kuzuia konzo, na ilisaidia. Lakini haiondoe kazi ya kuloweka. Ni ya kuongezea, kwa nyumba ambamo mtu haamini kama muhogo umeloweka ya kutosha.

Mkutano ulifanyika siku ya posho. Haukuwa mkutano mtamu. Baba mmoja alisema kila mtu ana matatizo yake, na kama tunaanza kusamehe, kesho shamba la pamoja litabaki na watu watano. Si neno la kipumbavu. Koperative inakufa hivyo pia. Jibu lenye lilimutuliza halikuwa la huruma. Sekretere mwenyewe alikumbusha kwamba kila msimu koperative inalipa watu kuchagua mbegu ya maharagi: kutoa zenye kuoza, zenye kutobolewa na wadudu, zenye kuchanganyikana. Kazi ya kukaa chini, ya macho na vidole. Yule mama anaijua kuliko wote. Basi waliandika: kapo mbili za mbegu zenye kuchaguliwa vizuri zinahesabika sawa na siku moja ya salongo, na kapo zitapelekwa kwake nyumbani. Lamande mbili zilirudishwa kwa maharagi, kilo kwa kilo.

Kwa wenye kupenda karatasi: Sheria ya Kongo namba 22/003 ya tarehe 3 Mai 2022 inalinda haki za mtu mwenye kuishi na ulemavu. Na sheria ya OHADA juu ya koperative, ya mwaka 2010, inaweka kwenye kanuni zake za kwanza kwamba kuingia ni kwa hiari na mlango uko wazi kwa wote. Sheria ya ndani yenye inaomba miguu kwa kila mwanachama ni ya kuangaliwa upya. Komite yenu imeisoma lini?

Wamama wa AVEC walipanga zamu ya kuchota maji na kulinda beseni la muhogo. Muganga wa kituo cha afya alimuonyesha namna ya kugeuza mgonjwa bila kuvuta na bega: unatia kikwembe kilichokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, kutoka mabega hadi mapaja, unakunja goti lake la upande mzima, kisha unavuta kikwembe polepole huku umekaa, hausimami. Mujukuu mkubwa anaweza kushika ncha ingine. Kuhusu bega, alimuambia kwamba maumivu yake yeye pia ni ugonjwa, aje kupimwa siku ileile anapoleta mukwe wake, asingoje mpaka mkono ukatae.

Kitu chenye kilimufurahisha zaidi, alisema, ni siku ya yenga. Jirani anakuja kukaa na mgonjwa, naye anakwenda kanisani, anaimba, anarudi polepole akipiga habari njiani. Kwa miaka miwili hakuwa amefanya vile.

Usiku ungali shida. Zamu za mchana zimejaa, za usiku watu wanaogopa kutembea, na tunawaelewa. Kwenye orodha yenye iko kwa sekretere, usiku wa siku ya pili na wa siku ya ine hauna jina. Mwenye nyumba yake iko karibu anaweza kujiandikisha.