Chaki ya Baba, Fahari ya Mwana

Mzazi wa siku hizi ukimwuliza mwanawe angependa awe nani, upesi atataja udaktari, uanasheria au uhandisi. Ualimu huja mwisho, tena kwa kusitasita. Lakini wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 11. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, akabaki kuwalea watoto peke yake. Katika nyumba hiyo chaki haikuwa aibu, na mwana akaifuata kazi ya baba.

Alikuja kufundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, kijijini Pwani, huko Njoro, Nakuru. Pwani hii haina bahari. Inayojulikana huko ni ukame na njaa. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na sehemu kubwa ya mshahara wake mwalimu huyo aliwasaidia maskini.

Machi 24, 2019, mjini Dubai, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye dola milioni 1 za Marekani. Hapo akamwita jukwaani baba yake, aliyekuwamo ukumbini.

Basi, ewe mzazi, mwanao akikuambia kwamba moyo wake uko katika ualimu, useremala au ukulima, usiipime kazi hiyo kwa mshahara peke yake. Karo ni msaada, lakini baraka yako nayo ni mtaji.