Mkono Usiosimama: Elimu ya Kucharaza Gita kwa Mtindo wa Kantri

Gita kavu, yaani gita lisilotumia umeme, ambalo wapigaji wa zamani waliliita galatoni, si chombo kigeni katika miji ya nyanda za kati za Tanzania. Kijana wa Kizota, katika jiji la Dodoma, aweza kulikuta kanisani, shuleni au kwa jirani. Hata hivyo, wengi waanzao kujifunza huacha mapema. Kwa majuma kadhaa mwanafunzi huvumilia maumivu ya ncha za vidole. Kisha, aonapo kwamba wimbo wake unakatikakatika, huliweka gita juu ya kabati na kujiambia kwamba hakujaliwa kipaji.

Uamuzi huo aghalabu si wa haki. Kinachokosekana si kipaji bali ni mpango mzuri wa mafunzo. Mwanafunzi ameutilia maanani mkono wa kushoto, unaobana nyuzi, na kuusahau mkono wa kulia, unaozipiga. (Kwa mtumia shoto, mambo hugeuzwa.) Mtindo wa kantri wafaa sana kuonyesha jambo hili, kwa sababu karibu nguvu zake zote zimo katika mkono wa kulia.

ASILI YA MTINDO HUU

Muziki wa kantri ulikua miongoni mwa watu wa mashambani na wafanyakazi wa kusini mwa Marekani, nao ulichota kutoka kwa weupe na weusi pia. Mwezi Agosti 1927, katika mji wa Bristol ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, Ralph Peer alirekodi kwa mara ya kwanza nyimbo za Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na za jamaa ya Carter. Katika jamaa hiyo, Maybelle Carter alipiga gita kwa namna iliyoigwa na wengi: dole gumba liliimbisha nyuzi nene, na vidole vingine vikazicharaza nyuzi nyembamba.

Sahani za santuri za Rodgers zilifika hata Afrika Mashariki. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis nchini Kenya wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Jina hilo lilikuwa ni Jimmie Rodgers katika matamshi ya Kikipsigis.

PIGO ZITO NA PIGO JEPESI

Wimbo wa kantri wa kawaida huhesabiwa moja, mbili, tatu, nne. Katika pigo la kwanza na la tatu, mpigaji hugusa uzi mmoja mnene tu, yaani besi. Katika pigo la pili na la nne, hucharaza nyuzi nyembamba zote kwa mkupuo mmoja. Sikio husikia zito, jepesi, zito, jepesi. Wimbo ukiwa wa kuhesabu hadi tatu, huwa zito, jepesi, jepesi.

Tofauti hiyo ina msingi katika elimu ya sauti. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde unapopigwa wazi. Uzi wa kwanza, ulio mwembamba, hutetemeka mara 330 hivi. Kwa hiyo gita moja laweza kufanya kazi ya vyombo viwili, kama vile ngoma kubwa na ndogo zinavyogawana kazi katika muheme, ngoma ipigwayo na wanawake wa Kigogo. Ili besi isichoshe, mpigaji huibadili. Akibana nyuzi katika mpangilio wa sauti za pamoja, ambao wapigaji huuita kodi, wa G, hupiga uzi wa sita katika pigo la kwanza na uzi wa nne katika pigo la tatu. Katika kodi ya D huanza na uzi wa nne, kisha wa tano.

KWA NINI MKONO USISIMAME

Hapa ndipo ilipo siri ambayo mwanafunzi hafunuliwi. Mkono wa mpigaji hodari haungoji zamu yake. Hushuka katika kila pigo na kupanda katikati ya mapigo mawili, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, ama uwe unagusa nyuzi ama usiwe unazigusa. Katika pigo la kwanza hushuka na kugusa besi, kisha hupanda hewani bila kugusa kitu. Katika pigo la pili hushuka na kucharaza, kisha hupanda ukizigusa nyuzi kidogo. Mwendo ni ule ule. Kinachobadilika ni kugusa na kutokugusa.

Faida ya kwanza ni ya nguvu. Mkono unaokwenda na kurudi kwa kipimo kimoja hautumii juhudi kubwa. Mkono unaosimama na kuanza tena hulazimisha misuli kufunga breki na kusukuma upya, na kila mwanzo mpya ni nafasi ya kuwahi au kuchelewa.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Tuseme wimbo unakwenda kwa mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo huchukua sekunde 0.6: sekunde 0.3 za kushuka na sekunde 0.3 za kupanda. Mwanafunzi akiusimamisha mkono wa kulia kwa sekunde 0.2 tu ili vidole vya kushoto vihamie kodi nyingine, amepoteza theluthi nzima ya pigo. Msikilizaji asiyejua lolote juu ya muziki ataona mguu wake umejikwaa.

Mpigaji mzoefu hufanyaje? Katika mpando wa mwisho, kabla ya kodi kubadilika, huviachia vidole vya kushoto na kuzigusa nyuzi zikiwa wazi. Sauti hiyo ni fupi na nyepesi, wala sikio hailalamikii. Wakati huo vidole vimepata sekunde 0.3 za kusafiri. Kwa hiyo mkono wa kulia hauungoji wa kushoto. Kwa kutokusimama, ndio unaoupa wa kushoto muda.

UBONGO NA MAZOEA

Mwaka 1967 Paul Fitts na Michael Posner, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba ustadi wa viungo hupitia hatua tatu. Kwanza mtu hufikiri kila tendo. Kisha huyaunganisha matendo na kupunguza makosa. Mwishowe tendo hujiendesha lenyewe, kama vile mtu atembeavyo huku akizungumza. Fikira za binadamu haziwezi kuangalia vema mambo mawili mapya kwa wakati mmoja. Anayejifunza kodi mpya na mwendo mpya kwa pamoja huugawa uangalifu wake, na vyote viwili hudhoofika. Hapana budi kimoja kitangulie hadi kijiendeshe chenyewe, na katika mtindo huu kinachofaa kutangulia ni mwendo.

Kwa hiyo mazoezi yaweza kupangwa hivi. Kwanza, nyuzi zote zizimwe kwa kuzilaza chini ya kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia ushuke na kupanda kwa dakika 5, ukitoa mkwaruzo mtupu. Pili, pigo zito litenganishwe na jepesi, nyuzi zikiwa bado zimezimwa. Tatu, ibanwe kodi moja tu, kwa mfano G, hadi besi mbili zipatikane bila kutazama. Nne, iongezwe kodi ya pili. Kodi ikikosewa, mkono wa kulia uendelee. Sauti mbaya iliyofika kwa wakati ina faida kuliko sauti nzuri iliyochelewa. Dakika 15 za kila siku hufaa zaidi kuliko saa mbili za Jumapili, maana usingizi baina ya siku na siku husaidia ubongo kuimarisha kilichofunzwa.

Mwendo wapaswa kuwa na kipimo. Siku hizi simu nyingi zaweza kuwekewa programu ya metronomu, lakini asiye nayo aweza kutumia jiwe na uzi. Jiwe lililoning'inizwa na kusukumwa kidogo hupita katikati kwa vipindi vilivyo sawa. Urefu kutoka penye kifundo hadi katikati ya jiwe ukiwa sentimeta 99, hupita mara 60 kwa dakika. Sentimeta 56, mara 80. Sentimeta 36, mara 100. Uzito wa jiwe haubadili hesabu. Mwanafunzi aanze na uzi mrefu, wala asiufupishe kabla hajapiga wimbo mzima bila kusimama.

UKAME NA MBAO

Lipo jambo moja linalowahusu hasa wakazi wa nyanda za kati. Dodoma, iliyo mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua kwa msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Miezi inayosalia ni mikavu. Mbao hunywa na kutoa unyevu kwa kufuata hewa iliyozizunguka. Gita la mbao hustawi katika hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ikikauka mno, ubao wa mbele hunywea na kushuka, nyuzi zikaja karibu mno na vyuma vya shingoni, nazo zikaanza kuzizima kama nyuki. Vyuma hivyo navyo hujitokeza pembeni na kukwaruza vidole. Mwanafunzi hudhani mkono wake umeharibika, kumbe ni mbao iliyopungukiwa maji. Nyuzi za chuma hulivuta gita kwa jumla ya kilo 70 hivi mchana na usiku. Mbao kavu yaweza kupasuka.

Kinga yake si ghali. Gita lisitundikwe ukutani penye jua wala kuachwa karibu na bati. Litiwe katika mfuko au sanduku lake, pamoja na kisahani cha sabuni chenye kifuniko kilichotobolewa, ndani yake mkiwa na sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri isidondoshe maji. Sifongo hiyo ikaguliwe kila juma wakati wa kiangazi, na iondolewe mvua zinapoanza.

Kwa hiyo, anayetaka kuliacha gita kwa kuwa wimbo unakatika, kwanza asikilize ni nini kinachokatika. Nyuzi zikizizima, atazame mbao. Kodi zikichelewa, atazame kama mkono wa kulia umesimama kuzingoja. Sababu hizo mbili zaweza kuondolewa kwa sifongo, jiwe na uzi, na robo saa ya kila siku.