Mafuta ya breki: kwa nini kuongeza hakutoshi

Gari linalotoka Itaba kwenda Bujumbura hupitia mjini Gitega, kisha hushika barabara ya Muramvya na kupanda hadi Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara huteremka kwa kona nyingi hadi ufuo wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye mita 770 hivi. Katika mteremko huo, uhai wa abiria, wa watembea kwa miguu na wa waendesha baiskeli waliobeba ndizi hutegemea kimiminika ambacho madereva wengi hawakikumbuki: mafuta ya breki.

Dereva akanyagapo pedali, husukuma mafuta hayo ndani ya mirija myembamba, nayo huzibana pedi za breki kwenye magurudumu. Kazi hiyo huwezekana kwa sababu kimiminika hakibonyei. Hewa hubonyea. Kiputo kikiingia, nguvu ya mguu huishia kukibana kiputo, na pedali huwa laini kama sifongo.

Adui wa pili ni maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi joto 205, na ya DOT 4 chini ya 230. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140 na 155. Breki zikibanwa muda mrefu mteremkoni, mafuta machakavu huweza kuchemka, mvuke ukajaa mirijani, na pedali ikazama hadi sakafuni. Baada ya kupoa, mvuke hurudi kuwa kimiminika na breki huonekana nzima. Fundi akikagua, haoni kasoro.

Ndiyo sababu kujaza juu pekee hakutoshi: maji hubaki ndani. Tena, mafuta yakipungua, mara nyingi ni dalili kwamba pedi zimelika au kuna mahali panapovuja. Watengenezaji wengi hushauri mafuta yote yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Kazi hii huweza kufanyika nyumbani kwa watu wawili. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na likishainuliwa kwa jeki liwekwe juu ya vigingi imara. Mafuta machafu yaliyo katika kichupa cha breki yavutwe kwa bomba la sindano, kisha yamiminwe mapya kutoka chombo kilichokuwa kimefungwa. Kwa magari mengi huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na kichupa hicho, lakini kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Kwenye skrubu ya kutolea hewa huvikwa mrija unaopitisha mwanga, na ncha yake ya pili hutumbukizwa katika chupa yenye mafuta mapya kidogo. Mmoja hukanyaga pedali taratibu na kuishikilia. Mwenzake hulegeza skrubu, mafuta yakatoka, kisha huikaza. Hapo tu ndipo pedali iachiliwe. Ikiachiliwa mapema, hewa hurudi ndani. Hurudiwa hivyo mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na viputo. Kichupa kisiachwe kikauke hata mara moja, la sivyo kazi yote huanza upya. Kwa gari kuukuu, kipande cha ubao kiwekwe chini ya pedali ili isifike sakafuni na kuharibu mipira ya silinda kuu.

Kamwe yasitiwe maji wala mafuta ya injini. Haya ya pili huvimbisha mipira. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari na kudhuru macho, hivyo yakimwagika yaoshwe mara moja kwa maji mengi. Baadhi ya magari yenye breki za ABS huhitaji kifaa maalumu cha fundi.

Baada ya kazi, pedali iwe ngumu na gari lijaribiwe polepole mahali tambarare. Ikiwa bado ni laini, gari lisitoke uani. Na hata breki zikiwa nzima, mteremkoni dereva atumie gia ndogo, ili injini nayo isaidie kulizuia gari.