Ukipunguza tumbo, ilinde mifupa (3): Kidonge kipi, na saa ngapi?

Wiki iliyopita tulieleza namna upasuaji wa kupunguza uzito unavyofanyika, na kwa nini kisukari na shinikizo la damu hushuka kwa wengi waliofanyiwa. Leo tunaingia kwenye jambo ambalo mgonjwa hupewa harakaharaka siku ya kuruhusiwa, kwenye karatasi moja yenye majina ya vidonge vitano au sita. Jambo hilo ni mifupa.

Nianze na kipimo kinachowapotosha wengi. Mtu amefanyiwa upasuaji miaka miwili iliyopita, anakwenda maabara, kalsiamu ya damu inatoka sawasawa, naye anarudi nyumbani akiamini mifupa yake ni mizima. Kipimo hicho hakisemi hivyo. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Kile kidogo kinachobaki kwenye damu ndicho kinachotegemewa na moyo, misuli na mishipa ya fahamu muda wote, kwa hiyo mwili haukubali kipungue. Kalsiamu ya chakula isipotosha, tezi nne ndogo za shingoni ziitwazo parathairoidi hutoa homoni inayouamuru mfupa utoe akiba yake. Ni sawa na mfanyabiashara anayelipa pango kwa kuuza rafu za duka lake: mwenye nyumba haoni kasoro yoyote, kodi inaingia kila mwezi, mpaka siku duka linabaki kuta tupu.

Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake haishii kwenye kalsiamu ya damu. Hupima pia vitamini D na ile homoni ya parathairoidi. Homoni hiyo ikiwa juu huku kalsiamu ya damu iko sawa, mara nyingi maana yake ni kwamba mfupa unaliwa.

Kwa nini kalsiamu ikosekane kwa mtu anayekula na kumeza vidonge? Jibu liko kwenye njia ambayo chakula hupita. Kalsiamu nyingi hufyonzwa kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tu kwenye mfuko wake, na ufyonzaji huo huhitaji vitamini D. Kabla ya hapo, aina kadhaa za kalsiamu huhitaji asidi ya tumbo ili ziyeyuke. Kwenye baipasi, ambayo Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960, daktari hutengeneza kifuko kidogo cha juu na kukiunganisha na utumbo wa mbele zaidi. Chakula hakipiti tena penye asidi nyingi wala pale penye ufyonzaji mkubwa. Kwenye slivu, ambapo sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, njia ya utumbo haibadilishwi, ila asidi hupungua na chakula kinacholiwa huwa kidogo. Kwa hiyo slivu nayo hugusa mifupa, ingawa kwa kawaida si kwa ukali wa baipasi.

Ukali huo una ushahidi wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha utafiti wa watu waliofanyiwa baipasi. Walihakikisha kwanza kwamba vitamini D yao inatosha, kisha wakapima ni sehemu gani ya kalsiamu inayoingia mwilini kutoka kwenye utumbo. Kabla ya upasuaji ilikuwa takribani asilimia 33. Miezi sita baadaye ilikuwa asilimia 7. Zingatia kwamba hawa hawakupungukiwa vitamini D. Mtu anayemeza vitamini D peke yake na kuona amemaliza kazi asome tena tarakimu hizo mbili.

Kuna sababu nyingine ambazo hakuna kidonge kinachoziziba zote. Mfupa hujijenga kwa kubeba uzito, na mtu aliyepungua kilo 40 ameuondolea mzigo uliokuwa ukiuimarisha. Mafuta ya mwili huchangia kutengeneza estrojeni, nayo hushuka mafuta yanapoyeyuka. Misuli hupungua pamoja na mafuta, hasa kwa asiyekula protini ya kutosha. Kwa hiyo asiwepo wa kukuahidi kwamba vidonge vitauacha mfupa kama ulivyokuwa. Tafiti nyingi za baipasi zimeonyesha mfupa wa nyonga ukipoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya msongamano wake ndani ya mwaka mmoja au miwili, na upotevu unaweza kuendelea hata baada ya uzito kutulia. Kazi ya vidonge ni kupunguza hasara hiyo na kuzuia mabaya zaidi, yaani mfupa laini unaouma na kuvunjika kwa jambo dogo.

Sasa tuje dukani. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa aina hii hupendekeza mtu aliyefanyiwa slivu au baipasi apate miligramu 1200 hadi 1500 za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa. Kwa ule upasuaji mkubwa zaidi unaoruka sehemu ndefu ya utumbo, kiwango hupanda hadi miligramu 1800 mpaka 2400. Tarakimu hizi ni za kalsiamu yenyewe, si za chumvi inayoibeba. Kidonge hakina kalsiamu tupu; kina kalsiamu iliyofungwa na kitu kingine, na kila aina ina sehemu yake. Kalsiamu kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi. Kalsiamu sitreti ina asilimia 21. Kalsiamu lakteti ina asilimia 13, na glukoneti 9 tu.

Chukua kile kidonge cheupe cha bei nafuu cha kalsiamu lakteti, miligramu 300. Asilimia 13 ya 300 ni 39. Anayemeza viwili kutwa mara tatu anapata miligramu 234 kwa siku, na kwa mtu wa baipasi nyingi ya hizo zitatoka kama zilivyoingia. Ili afikie 1200 kwa kidonge hicho peke yake, angehitaji zaidi ya vidonge 30 kila siku. Simlaumu mgonjwa, boksi limeandikwa 300 kwa herufi kubwa, na muuzaji mara nyingi hajamuuliza amefanyiwa nini. Muulize mfamasia swali moja: kidonge hiki kina miligramu ngapi za kalsiamu halisi? Akishindwa kujibu, nenda duka jingine.

Kati ya aina hizi, sitreti ndiyo inayopendelewa baada ya upasuaji kwa sababu haihitaji asidi ili iyeyuke, na inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Kaboneti inahitaji asidi, kwa hiyo imezwe na mlo. Lakini wengi waliofanyiwa upasuaji huandikiwa omeprazo au dawa za jamii yake kwa miezi kadhaa kuzuia vidonda, nazo huzima asidi hata ile kidogo iliyobaki. Kaboneti na omeprazo haziendi vizuri pamoja. Sitreti ina udhaifu wake: kidonge ni kikubwa, kinahitajika kingi zaidi, bei iko juu, na si kila duka la dawa huwa nacho. Asiyeipata asiache kila kitu. Kaboneti ya kutafuna pamoja na mlo, huku homoni ya parathairoidi ikifuatiliwa, ni bora kuliko kukaa bila chochote.

Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyouzwa ndani ya bomba husaidia kwa wasioweza kumeza, ila vingi vina miligramu 1000 kwa mara moja. Utumbo haupokei kiasi hicho kwa mkupuo. Dozi moja isizidi miligramu 500 au 600. Ndiyo maana kalsiamu hugawanywa mara mbili au tatu kwa siku.

Hapo sasa saa zinaingia. Kalsiamu na madini ya chuma hugombania mlango mmoja, na aliyefanyiwa upasuaji anavihitaji vyote. Viachane kwa saa mbili au zaidi. Kwa mtu anayekunywa uji saa 1 asubuhi, kula mchana saa 7 na jioni saa 1, kalsiamu ikae kwenye milo hiyo mitatu, na kidonge cha chuma, au multivitamini yenye chuma ndani yake, kikae saa 4 asubuhi, kwa maji. Si kwa chai ya maziwa. Najua saa 4 ndiyo saa ya chai maofisini, lakini chai huzuia chuma, na maziwa yaliyomo ndani yake huongeza kizuizi. Anayetumia dawa ya thairoidi aitenge na kalsiamu kwa saa nne.

Kuna hofu niliyoisikia mara nyingi: kwamba kalsiamu huleta mawe ya figo, hivyo bora kuiacha. Kwa mtu wa baipasi hofu hiyo humdhuru. Baada ya baipasi, mafuta yasiyofyonzwa hushikana na kalsiamu ya chakula, na oksaleti iliyomo kwenye mchicha, karanga na vyakula vingine hubaki huru, ikaingia kwenye damu na kuishia kwenye figo. Kalsiamu inayomezwa pamoja na mlo huikamata oksaleti hiyo tumboni na kutoka nayo. Ongeza maji ya kutosha, na kama umewahi kupata mawe, mwambie daktari kabla ya kuanza, si baada ya kuacha.

Vitamini D ina hadithi fupi kidogo. Pendekezo la kawaida ni yuniti 3000 za D3 kwa siku mpaka kipimo cha damu kipite nanogramu 30 kwa mililita. Mwenye upungufu mkubwa huandikiwa dozi kubwa za kila wiki chini ya usimamizi. Watu wetu husema jua la Dar es Salaam au Mombasa linatosha. Jua lipo, ila anayeingia ofisini alfajiri na kutoka jioni halioni, na mtu mnene huwa na vitamini D ndogo kwenye damu hata kabla ya upasuaji, kwa kuwa nyingi hubaki kwenye mafuta. Muscat na Dubai nazo zina jua kali, na bado upungufu wa vitamini D ni wa kawaida huko. Pima kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji, rekebisha, ndipo ukatwe.

Chakula nacho kina nafasi yake. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takribani miligramu 300 za kalsiamu. Maziwa yakikusumbua tumbo, mtindi huvumilika zaidi, mradi usijazwe sukari, maana sukari nyingi baada ya baipasi huleta kizunguzungu, jasho na kuhara. Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni hazina. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine za kwetu. Protini iwe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na ianze kuliwa kabla ya wanga, kwa sababu kifuko kidogo kikijaa ugali hakuna nafasi ya samaki.

Na miguu ifanye kazi. Huko Austria, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwagawa wagonjwa 220 makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitamini D, kalsiamu, protini na mazoezi: kutembea kwa kasi dakika 45 mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili. Kundi hilo lilipoteza mfupa kidogo kuliko jingine. Kupoteza kulikuwepo pande zote, ila tofauti ilionekana, na ilipatikana kwa mambo yote manne yakifanywa pamoja.

Waliowekewa puto tumboni wasijichanganye na haya yote. Puto halikati wala halihamishi utumbo, na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Wao wafuate ushauri wa lishe waliopewa, na wahakikishe vitamini D iko sawa.

Wapo ambao vidonge havitoshi: wanawake waliokoma hedhi, wenye historia ya kuvunjika, wanaotumia steroidi kwa muda mrefu. Hawa wafanyiwe kipimo cha DEXA cha mifupa. Wakihitaji dawa ya kuimarisha mfupa, kwa kawaida hupendekezwa ile ya kuchomwa kwenye mshipa badala ya ya kumeza, inayoweza kuchubua kifuko kipya. Nayo isichomwe kabla vitamini D na kalsiamu hazijarekebishwa, maana inaweza kuiangusha kalsiamu ya damu ghafla.

Mwisho, neno kwa wanaosafiri kwenda India au Uturuki kwa upasuaji huu, kisha wakarudi na mshono mzuri na mfuko wa dawa za mwezi mmoja. Vidonge hivi ni vya maisha. Hospitali isiyokutajia gharama yake haijakutajia bei kamili ya upasuaji. Kabla ya kuondoka huko, dai ripoti iliyoandikwa wazi umefanyiwa aina gani, na kabla ya kwenda, tafuta daktari wa hapa nyumbani atakayekubali kukupima damu baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili, kisha kila mwaka. Kama tayari umefanyiwa na hujawahi kupimwa homoni ya parathairoidi, kapime mwezi huu.

Wiki ijayo: upungufu wa chuma na vitamini B12.