Mwanasheria Aliyekata Rufaa Dhidi ya Tume Aliyoitumikia

Wahenga walinena kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Maneno hayo hudhihirika kila serikali inapogawa leseni za redio na televisheni. Mwenye kituo huvutia kwake, wafanyabiashara huvutia kwao, na wanasiasa nao hawabaki nyuma. Msikilizaji wa kawaida, ambaye mawimbi hayo ni mali yake pia, aghalabu hukosa wa kumsemea. Kwa sababu hiyo yafaa tuyatazame maisha ya kazi ya Henry Geller, mwanasheria wa Marekani aliyefariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 96.

Geller alizaliwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1924. Kuanzia 1964 hadi 1970 alikuwa mkuu wa sheria wa Tume ya Mawasiliano ya nchi yake, chombo kilichoundwa mwaka 1934 ili kusimamia simu na utangazaji. Kazi yake ilikuwa na pande mbili: kuwashauri makamishna kabla hawajaamua, na kuutetea uamuzi wao mahakamani baada ya kuamua. Ikumbukwe kwamba mahakama ya rufaa haiiti mashahidi upya. Majaji husoma kumbukumbu za shauri, kisha huuliza mambo mawili: Je, sheria iliiruhusu Tume kufanya hivyo? Na je, sababu ilizozitoa zinatosha?

Katika jambo hilo Tume ilipata funzo kali mwaka 1966. Kituo cha televisheni cha WLBT, mjini Jackson, Mississippi, kilikuwa kikilalamikiwa kwa kuwabagua watu weusi katika vipindi vyake. Kanisa la United Church of Christ pamoja na wakazi wa mji huo waliomba wasikilizwe kabla leseni ya kituo haijaongezwa muda. Tume ilikataa, ikidai kuwa watazamaji si wahusika wa shauri. Ofisi ya Geller ililazimika kuutetea msimamo huo, na ikashindwa. Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa watazamaji wana haki ya kusikilizwa, na mwaka 1969 ikautengua uamuzi wa Tume wa kukiongezea kituo hicho leseni.

Mara nyingine ilikuwa ni Tume iliyosimama upande wa umma. Wakati huo Marekani ilikuwa na kanuni ya usawa, iliyomtaka mwenye kituo atoe nafasi kwa maoni yanayopingana juu ya mambo mazito ya umma. John Banzhaf, mwanasheria kijana, alihoji kwa nini matangazo ya sigara yajae kwenye televisheni bila ya watu kuelezwa madhara yake. Geller aliwashauri makamishna kwamba kanuni hiyo yahusu sigara pia, na mwaka 1967 Tume ikaamua hivyo. Kampuni za sigara na wenye vituo walikimbilia mahakamani, lakini mwaka 1968 Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi wa Tume. Maonyo juu ya uvutaji yakaanza kuonekana majumbani kila siku. Hatimaye Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoyaondoa kabisa matangazo ya sigara katika redio na televisheni kuanzia Januari 1971.

Mwaka 1969 Mahakama ya Juu nayo iliiunga mkono kanuni ya usawa katika kesi ya kituo cha Red Lion, ikatamka kwamba haki ya wasikilizaji ndiyo iliyo kubwa kuliko ya mwenye kituo. Hata hivyo Geller hakulewa ushindi. Alipokwisha kutoka katika Tume aliandika, mwaka 1973, kuhusu kasoro za kanuni ile ile aliyoitetea, kwani aliona ni hatari kwa serikali kuchungulia kipindi kimoja kimoja. Tume yenyewe iliacha kuitumia kanuni hiyo mwaka 1987.

Lakini kisa kinachostahili kuwekwa mbele ya kila afisa ni cha mwaka 1979. Miaka saba kabla ya hapo Tume ilikuwa imeweka masharti juu ya televisheni ya waya. Masharti hayo yalitokana na mapatano ya kampuni, yaliyokusudiwa kurahisisha kupitishwa kwa sheria mpya ya hakimiliki. Sheria hiyo ikapita mwaka 1976, ilhali masharti yakabaki palepale. Geller akaiomba Tume iyatazame upya, ikakataa. Akakata rufaa dhidi ya ofisi aliyoitumikia, naye akashinda. Mahakama ilieleza kuwa sharti ambalo sababu yake imekwisha halina budi kupimwa upya.

Katika visiwa vyetu jambo hili si hadithi ya mbali. Simu na intaneti husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na sheria iliyoiunda mwaka 2003 imeweka njia ya kukata rufaa. Redio na televisheni za Zanzibar nazo zina Tume ya Utangazaji. Lakini njia ya rufaa haimfai kitu mwananchi aliyepewa jibu la mstari mmoja lisilo na sababu, kwa maana hatajua apinge nini.

Kwa hiyo afisa aandike sababu za uamuzi wake, nazo ziwe za kweli. Asimhesabu mkata rufaa kuwa mkaidi au adui wa serikali. Na kila mwaka afungue jalada la masharti ya ofisi yake, ajiulize ni lipi ambalo sababu yake imekwisha. Wananchi nao wasichoke kuuliza.