Inakaa Sarafu Lakini Si Pesa: Soma Hii Kabla Uuze Medali ya Guka

Ukisema "tokeni" Nairobi, kila mtu anafikiria stima. Namba ishirini kwa simu, unazipiga kwa mita, taa inarudi, maisha inaendelea. Lakini kuna tokeni zingine, za chuma, zile unaweza shika. Kale kaduara unapewa kwa sehemu ya gemu pale mall ndio mashine ianze. Chipu ya kasino. Ongeza na ile medali unavishwa ukimaliza Nairobi Marathon, hata kama ulimaliza ukitembea. Zote zinakaa sarafu, ziko na picha na maandishi, lakini jaribu kulipa nazo mat uone vile makanga atakuangalia.

Sasa kuna wasee duniani kazi yao ni kukusanya hizi vitu, na hawachezi. Mwaka wa 1960 Mmarekani anaitwa Russell Rulau alizitafutia jina: exonumia. Jina ngumu, najua. Hapa tutasema tu tokeni na medali.

Tokeni zilianza juu ya shida ya chenji. Uingereza miaka ya 1780 sarafu ndogo za shaba ziliisha sokoni, wenye viwanda wakakosa kitu cha kulipa wafanyakazi. So 1787 kampuni ya kuchimba shaba huko Wales, Parys Mine Company, ikaamua kujitengenezea penny zake. Wengine wakaiga. Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa story ile ile: watu walificha sarafu kejani, maduka yakatoa tokeni zao, hadi serikali ikapiga marufuku 1864. Na New York ilitumia tokeni kwa treni za chini ya ardhi kutoka 1953 hadi 2003. Leo watu wanavaa hizo kama pendanti.

Tukirudi huku kwetu, kuna moja inachanganya watu sana. Ni duara kubwa la fedha, upana kama sentimita nne, uzito gramu 28, na mama mnene ameangalia kando. Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Pwani ya Waswahili iliitwa reale, na ilitembea Ethiopia, Oman na kote Bahari ya Shamu. Mwaka umeandikwa 1780. Sasa hapo ndio watu huchanuka vibaya, wanadhani wameshika kitu ya miaka zaidi ya 200. Maria Theresa alikufa 1780, lakini wafanyabiashara walikataa sarafu yenye mwaka mwingine, so Vienna ikaendelea kuzitengeneza na mwaka huo huo. Baadaye hadi London na Bombay zilitengeneza. Yako inaweza kuwa ya 1950 na imeandikwa 1780. Fedha ni fedha, ndio, iuze kama fedha ukitaka. Lakini usiingie Eastleigh ukidhani umeomoka.

Zile zinaniumiza ni medali.

Nyumba mingi Kenya kuna sanduku ya babu iko na kitu imefungwa kwa kitambaa. Babu alikuwa Keya, yaani KAR. Wengine walienda Ethiopia, wengine Burma. Hata jina Kariokor lilitoka kwa Carrier Corps, wale walibebeshwa mizigo ya vita ya kwanza. Mzee akishaenda, mjukuu anapata hiyo kitu, anapeleka kwa msee wa vyuma, anapewa soo mbili. Imeisha hivyo.

Kabla ufanye hivyo, angalia ukingo. Si mbele, si nyuma, ni pale pembeni kabisa, tumia tochi ya simu. Medali ya Uingereza ya vita ya kwanza, ile iko na Mfalme George V upande mmoja na mtu juu ya farasi upande mwingine, ilichongwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Hapo ndio unaweza soma jina la guka wa guka yako. Kwa familia ambazo hazina picha yake hata moja, hiyo inaweza kuwa karatasi pekee ya kwamba aliishi, na imeandikwa kwa chuma.

Za vita ya pili kwa kawaida Waingereza walizitoa bila jina. Ile War Medal ya 1939–1945, yenye simba amekanyaga dragoni, zilitengenezwa nyingi sana, na peke yake haitakununulia hata simu. Thamani yake ni ikiwa na makaratasi: kitabu cha jeshi, barua, picha. Ukitenganisha hizo vitu umeua story, na bei pia.

Halafu kuna ile moto. Utepe wa njano, kingo nyeusi, mistari miwili ya kijani, na juu kuna kipande cha chuma kimeandikwa KENYA. Hiyo ni Africa General Service Medal, na kipande hicho kilitolewa kwa waliohudumu upande wa serikali ya mkoloni wakati wa Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956. Kama nyumbani mmekuwa mkiambiwa guka alikuwa msituni, hii medali itawasha moto meza ya Krismasi. Lakini pole pole. Inakuambia alikuwa kazi gani kipindi hicho. Haikuambii aliingia vipi, ama kama alikuwa na njia ingine. Muulize cucu kama bado yuko.

Na wakora wanajua hii hobby pia. Umeona matangazo mtandaoni ya kununua sarafu za zamani kwa mamilioni? Unatuma picha ya ile 40 bob ya Kibaki ya 2003, wanasema wow, tuma kwanza ya usajili. Halafu ya usafiri. Halafu namba inazimwa. Mnunuzi wa ukweli haitishi muuzaji pesa, buda.

Kitu ingine: usisugue. Si Brasso, si jivu, si ndimu. Ile rangi nyeusi ya uzee ndio wakusanyaji wanataka, na ukisugua ukingo unaweza futa jina lenyewe. Ishike pembeni, iweke kwa bahasha ya karatasi, mbali na unyevu. Sumaku ikiivuta, jua si fedha. Piga picha mbele, nyuma na ukingo, kisha uandike kila kitu mzee anakumbuka, hata kama anachanganya miaka.

Ukitaka kuanza bila doh, anza na zenye ziko kwa droo yako: tokeni ya gemu, medali ya michezo ya primo, beji ya Skauti. Andika ulipata wapi na lini.